Umri wa François Jacob

Juma lililopita mwanafunzi wangu wa zamani alinionesha tangazo la ufadhili wa shahada ya uzamivu katika biolojia ya molekuli. Sharti la kwanza: mwombaji awe chini ya umri wa miaka 30. La pili: awe amekwisha kuchapisha makala mbili. Yeye ana miaka 32. Mitano kati ya hiyo aliitumia kufundisha sekondari ili awasomeshe wadogo zake. Nilimsimulia habari za François Jacob.

Jacob alizaliwa Ufaransa mwaka 1920, akasomea udaktari akitaka kuwa mpasuaji. Mwaka 1940 Wajerumani walipoivamia nchi yake, alivuka bahari hadi Uingereza na kujiunga na jeshi la Ufaransa Huru. Alihudumu kama tabibu barani Afrika, akafika Libya na Tunisia. Agosti 1944 alijeruhiwa vibaya Normandy, na majeraha hayo yakaifunga kabisa njia ya upasuaji. Alimaliza masomo ya udaktari mwaka 1947, akahangaika huku na huko akitafuta kazi ya kumfaa.

Mwaka 1950, akiwa na miaka 30 na bila uzoefu wa maana wa utafiti, alimwendea André Lwoff wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris. Lwoff alimkatalia zaidi ya mara moja kabla ya kumpokea katika maabara yake iliyokuwa darini. Jacob alipata uzamivu mwaka 1954.

Katika dari hiyohiyo alikuwapo Jacques Monod, aliyepigana katika harakati za siri dhidi ya Wanazi. Tangu tasnifu yake ya mwaka 1941, Monod alikuwa akisumbuliwa na jambo dogo: bakteria wakipewa glukosi pamoja na laktosi, yaani sukari ya maziwa, hula glukosi kwanza, hutua kidogo, kisha huanza kula laktosi. Wanajuaje wakati wa kutengeneza vimeng'enya vya kuisaga? Hapo kemia ilisaidia. Monod na wenzake walitumia kemikali zinazofanana na laktosi ambazo bakteria hawawezi kuzisaga. Hata hivyo, vimeng'enya vilitengenezwa. Kumbe ishara ni kitu kimoja, na chakula ni kingine.

Mwaka 1961 Jacob na Monod walichapisha jibu. Jeni za kula laktosi hufungwa na kizuizi kinachokaa karibu nazo kwenye DNA. Laktosi ikiingia, kizuizi huachia na jeni hufanya kazi. Kizuizi chenyewe kilitengwa Marekani mwaka 1966, ikathibitika kuwa ni protini. Wakati huo Lwoff, Monod na Jacob walikuwa wamekwisha kupewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1965.

Tuhesabu. Kutoka tasnifu ya Monod hadi jibu ilipita miaka 20. Jacob alikuwa na miaka 41. Kwa masharti ya lile tangazo, hata fomu yake isingefunguliwa, na Monod angeulizwa kila mwaka bakteria wake wana faida gani kwa taifa.

Najua hoja ya watunga masharti: fedha ni chache, na kijana atatumika muda mrefu zaidi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Jacob, aliyeanza akiwa na miaka 30, alitafiti kwa miongo kadhaa. Umri ni kipimo rahisi kwa karani, kwa kuwa unasomeka kwenye cheti. Shauku na ustahimilivu huhitaji mtu wa kumsikiliza mwombaji, kama Lwoff hatimaye alivyofanya.

Katika nchi ambako vijana wengi huchelewa kwa ada, kwa ugonjwa wa mzazi au kwa kulea wadogo zao, sharti la umri huwaadhibu waliokwisha kubeba mzigo. Ndugu zangu mnaoandaa matangazo haya serikalini na vyuoni, futeni mstari huo mmoja. Haugharimu hata senti.

Mwanafunzi wangu ameandika barua ya kuomba afikiriwe nje ya sharti. Nimeitia saini kama mdhamini wake.