Exetat: namna ya kuchagua sentensi fupi na sahihi ya Kifaransa

Bila diploma ya Serikali, mutoto haingii chuo kikuu. Na kwenye Exetat, mufinalisti anachagua jibu moja kati ya mengi yanayofanana. Kwa sentensi za Kifaransa, angalia mambo mawili, kwa mpangilio huu.

Kwanza sarufi. Toa jibu lenye kosa, hata kama ni fupi. « Le livre que j'ai besoin » ni kosa. Inatakiwa « dont », kwa sababu Kifaransa kinasema « avoir besoin de ». Kiswahili chetu kinasema tu « kitabu chenye niko na lazima nacho », ndiyo maana wengi wananaswa hapo. Vilevile ni « pallier un manque », siyo « pallier à un manque ».

Pili ufupi. Kati ya majibu yanayobaki, toa lile linalorudilia maana. Sisi tunasema « panda juu » na « toka inje » bila shida. Lakini « monter en haut », « sortir dehors » na « prévoir d'avance » zinahesabiwa kuwa makosa: « monter » peke yake tayari ni kwenda juu.

Kwa hiyo: sarufi mbele, ufupi nyuma. Ukigeuza, utachagua « que » na kupoteza pointi.