Hesabu na Sifa: Mabishano juu ya Chimbuko la Lugha za Kibantu

Katika elimu ya lugha, kama katika elimu nyinginezo, mtafiti aweza kulitazama jambo kwa njia mbili: huuliza ni la namna gani, au huuliza ni la kiasi gani. Aghalabu swali la pili ndilo lipewalo heshima zaidi. Mabishano juu ya chimbuko la lugha za Kibantu yaonyesha kwamba heshima hiyo yataka tahadhari.

Profesa Malcolm Guthrie wa Chuo Kikuu cha London alikusanya mizizi ya maneno zaidi ya 2,000, akaichapisha katika juzuu nne za Comparative Bantu (1967–1971). Tangu mwaka 1962 alikuwa amekwisha kutangaza matokeo ya hesabu yake. Alichagua lugha 28, akapima kila moja imehifadhi sehemu gani ya mizizi iliyoenea pote. Kibemba na Kiluba cha Katanga zilikuwa mbele, zikiwa na nusu hivi. Kiduala cha Kameruni kilikuwa nyuma sana. Akahukumu kwamba chimbuko lilikuwa upande wa Katanga.

Joseph Greenberg wa Marekani hakuhesabu hivyo. Alilinganisha maumbo na maana, akavuka mipaka ya Kibantu. Sisi twasema tatu. Waefik husema ita, na Wayoruba eta. Kwake Kibantu kilikuwa tawi tu la ukoo mkubwa, na jamaa zake wa karibu wako Nigeria na Kameruni. Mwaka 1966 mwanahistoria Roland Oliver alijaribu kuzipatanisha rai hizo mbili, lakini wataalamu wengi leo wako upande wa Greenberg.

Guthrie hakukosea kujumlisha. Kosa lilitangulia hesabu: aliyekwisha kuamua kuhesabu Kibantu peke yake hawezi kuliona jibu lililo nje yake. Uchache wa Kiduala aliusoma kuwa ni umbali. Ungaliweza kusomwa kuwa ni ukongwe, na jedwali lisingalibadilika hata tarakimu moja. (Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo nilifundishwa kuyaheshimu majedwali; sikufundishwa kuuliza nani aliyechagua safu zake.)

Siku hizi miti ya nasaba huchorwa kwa kompyuta, nayo huanzia kaskazini-magharibi. Hata hivyo, kabla mashine haijahesabu neno lolote, mtu hukaa na orodha yake akaamua kama neno hili na lile ni ndugu.