MV Bukoba ilibeba watu wangapi? Somo la kuchuja habari kutoka ziwani kwetu

Wiki hii asaimenti zimenikaba kooni, lakini kuna jambo linanizunguka kichwani na nimeona nilitoe. Ni la historia, lakini linatuhusu hata sisi wa simu za kupangusa.

Swali ni fupi: meli ya MV Bukoba ilipozama Jumanne ya Mei 21, 1996, ilikuwa na watu wangapi?

Muulize mtu mzima yeyote hapa Mirongo. Atakujibu hapo hapo, tena kwa uhakika. Mmoja atakwambia 500. Wa pili atasema 800. Wa tatu atakupa 1,000 na ushee, halafu atakuonyesha kwa kidole upande wa ziwa kana kwamba alikuwa akihesabu. Sasa hawa wote hawawezi kuwa sahihi, na wala hakuna hata mmoja anayekudanganya kwa makusudi. Kila mmoja anakupa alichosikia. Mimi nilikuwa sijazaliwa, kwa hiyo hata mimi nayapata ya kuambiwa tu. Hapo ndipo kazi inapoanza: ya kuambiwa tunayapimaje?

Tuanze na yanayojulikana. Meli ilitoka Bukoba jioni, ikapita Kemondo kuongeza abiria na mizigo, ikasafiri usiku kucha kuja Mwanza. Asubuhi, wakati watu wameanza kujiandaa kushuka, ikalala upande kisha ikapinduka. Hata umbali hausimuliwi sawasawa: wapo wanaoandika kuwa ilikuwa maili 30 kutoka Mwanza, na wapo wanaosema mji ulikuwa unaonekana, ni pale upande wa Bwiru. Meli ikaelea kitako juu kwa muda kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani. Waokoaji waliokuwa juu yake walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Ukatobolewa upenyo ili kuwatoa, hewa ikapata pa kutokea, na meli ikaenda chini. Hili wanalisimulia wengi waliokuwepo, na hadi leo likitajwa watu wazima hunyamaza.

Sasa namba. Meli ilijengwa kubeba abiria 430. Orodha ya abiria inayotajwa ilikuwa na watu 443, lakini hao ni wa daraja la kwanza na la pili peke yake. Daraja la tatu halikuwa na orodha ya majina. Yaani mama aliyekaa chini na mkungu wake wa ndizi, mwanafunzi aliyekuwa anarudi shule, mtoto wa mgongoni, hao hawakuandikwa popote. Hesabu ya waliokufa inayotajwa zaidi ni 894, na waliookolewa walizidi kidogo 100.

Hebu tulia hapo, ndugu msomaji. Hatuna namba kamili, lakini hatupo gizani kabisa. Anayesema walikuwemo watu 450 tunaweza kumkatalia kwa adabu, kwa sababu orodha ya madaraja mawili peke yake inafika 443, na huyo anatuambia kwamba daraja la tatu lilikuwa tupu. Na yule wa 1,000 huenda hajakosea sana, ila tusichanganye mambo mawili: WALIOKUWEMO na WALIOKUFA. Ukijumlisha 894 na hao 100 na zaidi, unaikaribia 1,000. Ukimsikiliza mtu haraka haraka utadhani anabishana na mwenzake, kumbe kila mmoja anajibu swali lake.

Wakati ule habari ilitembea vipi? Simu ya mkononi ilikuwa kitu cha wachache sana, tena zaidi Dar es Salaam. Nchi nzima ilikaa mkao wa kusikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam, na magazeti ya Dar yalifika huku yakiwa yamechelewa. Rais Mkapa alikuwa hajamaliza hata mwaka mmoja Ikulu. Yalitangazwa maombolezo ya siku tatu. Mwenye ndugu safarini hakuwa na pa kupiga simu. Alikwenda bandarini mwenyewe, kisha mahali miili ilipopelekwa, akatazama sura moja moja. Uhakiki wa habari ulikuwa ni huo: macho yako na miguu yako. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, na makaburi yapo mpaka leo pamoja na mnara wa kumbukumbu. Ukitaka kujua chanzo cha kwanza cha historia kinafananaje, panda daladala ya Igoma.

Kuna kisa kingine ndani ya kisa hiki ambacho wengi hawakijui. Kati ya waliokufa mle alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, mmoja wa viongozi wa juu kabisa wa al-Qaeda, aliyekuwa akisafiri kwa jina jingine. Sisi Mwanza tulikuwa tunalia ndugu zetu, hakuna aliyekuwa na habari na mtu huyo. Wenzake walipoletewa taarifa kwamba amekufa maji hawakuikubali vivi hivi. Walituma watu wao hadi huku ziwani kuhakikisha. Mambo haya yalikuja kusikika wazi New York mwaka 2001, kwenye kesi ya mabomu ya balozi za Marekani ya Agosti 7, 1998 pale Dar es Salaam na Nairobi. Nasimulia hili kwa sababu moja: orodha isiyo na majina haiwanyimi haki wanyonge peke yao, hata mtu anayetafutwa hupotelea humo humo.

Tusidhani ni ujinga wa Afrika. Meli ya Titanic ilipozama Aprili 1912, yapo magazeti makubwa ya Uingereza na Marekani yaliyotangaza kwamba abiria wote wamesalimika. Wote! Kumbe waliokufa walikuwa kama 1,500. Ujumbe wa simu za upepo ulikuwa umechanganywa njiani, wahariri wakawahi kuchapa, na familia zikashangilia kwa siku moja kabla ya kulia. Teknolojia ilikuwa mpya, haraka ilikuwa ile ile.

Haya, tuje kwenye zama zetu. Alhamisi ya Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikiwa karibu kufika Ukara, kikitokea Bugorora. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kilitakiwa kubeba watu 101. Safari hii kila mtu ana simu, picha zinaruka kutoka kisiwani hadi Ulaya kwa dakika chache. Je, namba ilipatikana mapema? Wapi! Siku ya kwanza zilitajwa maiti zaidi ya 40. Kesho yake ikavuka 100. Keshokutwa ikavuka 200. Mwisho ikasimama kwenye 228, na waliookolewa 41. Jumla ni 269, zaidi ya mara mbili na nusu ya uwezo wa kivuko. Kwa nini hakuna aliyejua tangu mwanzo? Kwa sababu aliyekuwa akikata tiketi alikufa naye, na mashine yake ikapotelea majini. Miaka 22 tangu MV Bukoba, na bado orodha ilizama pamoja na watu.

Wapo waliosema kwenye makundi ya WhatsApp kwamba serikali inaficha namba kwa kuwa inabadilika kila siku. Mimi naona tofauti. Namba inayobadilika kwa sababu miili inaendelea kuopolewa ni namba ya kweli inayokua. Ya kutiliwa shaka ni ile inayotoka saa ya kwanza ikiwa imekamilika, mviringo, bila kusema nani kahesabu. Na kumbuka Jumamosi ile, siku mbili baada ya ajali, wakati wengi wameshakata tamaa, fundi mmoja wa mitambo alitolewa ndani ya kivuko akiwa hai. Aliyekuwa ameshaandika "hakuna aliyebaki" alikuwa ametangulia mbele ya habari.

Tukio la tatu ni la Jumapili, Novemba 6, 2022. Ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikitaka kutua Bukoba. Ndani walikuwemo watu 43: abiria 39 na wahudumu 4 pamoja na marubani. Mchana zikatoka taarifa kwamba waliookolewa ni 26. Baadaye ikatangazwa waliofariki ni 19. Sasa chukua kalamu: 26 na 19 ni 45. Ndege ilikuwa na 43! Watu wawili wametoka wapi? Hesabu sahihi ikaja kuwa 24 waliopona na 19 waliofariki. Hukuhitaji kuwa mwandishi wa habari wala kuwa Bukoba kugundua kwamba taarifa zile mbili haziwezi kukaa nyumba moja. Ni kujumlisha kwa darasa la pili. Na tazama tofauti na MV Bukoba: hapa tuliweza kugundua kosa kwa sababu ORODHA ILIKUWEPO.

Wengine wanasema dawa ni sheria. Sheria tunazo. Ya Makosa ya Mtandao ni ya 2015. Mwezi huo huo wa ajali ya MV Nyerere, Septemba 2018, Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyombana mtu asitangaze takwimu zinazopingana na za serikali, na mwaka 2019 yakalegezwa baada ya malalamiko mengi. Sheria inaweza kumwadhibu mwongo akishakamatwa. Haiwezi kukupa wewe jicho la kumtambua saa nne usiku ujumbe unapoingia. Na ukikataza watu kuuliza namba, uvumi haupungui, unahamia vichochoroni.

Sasa sisi wanafunzi wa ualimu tufanyeje? Kwenye somo la historia kuna mada ya vyanzo: masimulizi ya mdomo, maandishi, kumbukumbu za nyaraka, makumbusho, mabaki ya kale. Tunawakaririsha watoto faida na hasara za kila kimoja, wanafaulu, wanasahau. Mimi nikienda mazoezi ya kufundisha nataka nichukue ajali hizi tatu niwape maswali haya:

1. Nani anasema, na alikuwa wapi jambo likitokea? Aliyekuwa majini, aliyekuwa bandarini na aliyesimuliwa Mirongo ni mashahidi watatu tofauti.
2. Namba inajibu swali gani? Waliokuwemo, waliokufa, waliozikwa au waliopotea?
3. Amejuaje? Kuna orodha, kuna tiketi, au amekisia?
4. Imesemwa lini? Habari ya saa ya kwanza na ya siku ya tatu zisipimwe kwa mizani moja.
5. Taarifa mbili zikijumlishwa zinakubaliana?
6. Hiyo picha ni ya lini na wapi? Mto Mirongo ukifurika masika utaletewa picha nyingi. Tazama daraja, tazama majengo, tazama mabango. Mji unabadilika, picha ya zamani hujitaja yenyewe.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa heshima zote, methali hii tusiitumie kama kipimo cha habari. Lisemwalo mara nyingi lipo, ila si kwa namna linavyosemwa. Afadhali ile nyingine: kuuliza si ujinga.

La mwisho, wadau. Walionusurika MV Bukoba wanazeeka, na waliofiwa pia. Wale wa daraja la tatu ambao hawakuandikwa kwenye orodha wameandikwa mahali pamoja tu, vichwani mwa watu wao. Kama nyumbani kwenu yupo, hasa nyie wa Kagera na Mwanza, kaa naye akiwa na nafasi. Muulize kwa upole: nani alipanda, alipandia Bukoba au Kemondo, alikuwa na nani. Andika jina, andika tarehe uliyoambiwa, andika na nani amekwambia. Hutapata jumla ya watu wote, lakini utakuwa umemtoa mtu mmoja kwenye makisio.

Naomba kuwasilisha.