Lishe na nguvu za wazee wa Kibera na Kawangware

KATIBA ya 2010 humhesabu Mkenya kuwa mzee atimizapo miaka 60. Mpango wa Inua Jamii, uliopanuliwa 2018 ili uwafikie waliotimiza miaka 70, hutoa Sh2,000 kwa mwezi. Katika muongo ulio kati ya umri huo miwili, mkongwe wa Kibera au Kawangware hujilisha kwa kibarua, kwa biashara ndogo ya kando ya njia au kwa hisani ya wanawe.

Chakula kinachoshibisha kwa bei nafuu ni wanga: ugali, chapati, viazi, mkate kwa chai. Tumbo hujaa ilhali misuli inakonda. Mwili wa mzee hauitumii protini kwa wepesi kama wa kijana, hivyo wataalamu wengi wa lishe ya uzeeni hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzani kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji basi gramu 60 au zaidi. Lakini yai likipatikana, nyanya humwachia mjukuu.

Omena huliwa na mifupa yake, hivyo huleta protini na kalsiamu pamoja. Asiye na meno aitwange. Maharagwe humaliza makaa, lakini mitaani humo huuzwa yakiwa yamechemshwa, na hesabu ya mafuta ya kupikia huonyesha kwamba kuyanunua hivyo si anasa. Managu, terere na kunde huongeza madini ya chuma, ingawa chai inayonywewa pamoja na mlo huzuia sehemu yake kufyonzwa. Afadhali ingoje saa moja. Mgonjwa wa figo amwulize daktari kabla ya kuongeza protini.

Maji yana matatizo yake. Hununuliwa kwa mitungi, na choo cha umma hulipiwa, tena ni hatari kukiendea usiku. Wazee wengi kwa hiyo huacha kunywa, kisha hupata kizunguzungu na kufunga choo. Heri sehemu kubwa ya maji inywewe kabla ya alasiri.

Kuhusu mazoezi, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza 2020 kwamba waliotimiza miaka 65 wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha angalau siku tatu. Anayekwenda kazini kwa miguu huenda tayari anazo dakika hizo. Asichonacho ni nguvu za mapaja, na vichochoro vyenye matope na mitaro iliyo wazi havimsamehei anayeyumba. Ainuke kigodani mara 10 bila kujishikilia, kisha asimame kwa mguu mmoja akiwa ameshika mwimo wa mlango. Maumivu ya kifua yakianza, aache.

Uzani upimwe kila mwezi. Mwenye kilo 60 akipoteza kilo tatu katika miezi sita bila kukusudia, aende kliniki hata kama hahisi ugonjwa.