Msaji wa Java na Miti Isiyosema

Mwanahistoria hupenda shahidi aliyeandika. Mti hauna kalamu, lakini iko miti iwekayo kumbukumbu katika shina lake. Katika nchi za baridi jambo hili ni dhahiri, kwa kuwa majira ya baridi husimamisha ukuaji kila mwaka na kuacha pete katika ubao. Katika nchi za joto, ambako miti mingi hukua pasipo kikomo cha wazi, wataalamu wengi walidhani kwa muda mrefu kuwa kumbukumbu ya namna hiyo haipatikani.

Msaji uliwakanusha. Mti huu, ambao mbao zake mafundi wa majahazi wa pwani yetu wanazijua, hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kuacha kukua. Mvua zirudipo, huanza pete mpya. Mwaka wa mvua nyingi aghalabu pete huwa nene. Mwaka wa ukame huwa nyembamba. Mnamo 1931 Berlage, Mholanzi aliyechunguza hali ya hewa ya Java, alitangaza mfululizo wa pete za misaji ya kisiwa hicho tangu mwaka 1514 hadi 1929. Basi karne nne za mvua na ukame zikasomeka katika ubao.

Hata hivyo, yatupasa tukumbuke kwamba pete ni maneno ya aliyenusurika. Mti uliokufa ungali mchanga, ukaoza, hauna wa kuusemea. Ili kujua ukame huua mingapi, sharti iliyo hai ihesabiwe kabla ya msiba.

Hayo yalitukia Panama, katika kisiwa cha Barro Colorado. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Hubbell na Foster pamoja na wenzao walihesabu, katika hekta 50, kila shina lenye unene wa sentimita 1 au zaidi. Yakapatikana zaidi ya 200,000. Mara ukame mkali wa El Niño ukaingia mwaka 1983. Hesabu za 1985 na 1990 zilipolinganishwa, ilidhihirika kuwa vifo vilizidi katika kipindi cha ukame, na aina nyingi zipendazo unyevu zikapungua. Kwa macho, msitu ulikuwa ule ule. Miti iliyokuwamo ilikuwa imebadilika.

Tukipima ukame kwa pete peke yake, tutasifu ustahimilivu wa wazee na kusahau mazishi ya vijana. Historia ya msitu yahitaji ubao wa msaji na daftari la hesabu pia; na daftari lisilofunguliwa kabla ya ukame halijazwi baada yake.