Kutoka Mto Nile hadi Mto Pangani: Handeni na Korogwe katika Elimu ya Mambo ya Kale

Jina la Misri si geni kwa mtu wa pwani. Mtoto wa chuoni hulisikia katika kisa cha Nabii Yusuf, na katika kisa cha Nabii Musa na Firauni, kabla hajaiona nchi yenyewe katika ramani. Lakini Handeni na Korogwe, zilizo mwendo wa siku chache tu kwa miguu kutoka Pangani, aghalabu hutajwa pwani kwa neno moja: bara. Neno hilo limefunika mengi. Anayetaka kuyafunua ana la kujifunza kwa wale walioifunua Misri, kwa kuwa elimu ya Misri haikujengwa kwa dhahabu ya makaburi peke yake. Imejengwa kwa kitabu cha mwenyeji, kwa lugha iliyoendelea kutamkwa na kwa takataka za watu wa kawaida. Vyote vitatu vipo katika bonde la Pangani.

Nchi ya Firauni nayo iliwahi kuwa bubu. Mahekalu na mapiramidi yalisimama mbele ya macho ya kila msafiri, lakini hapakuwa na awezaye kusoma yaliyochongwa juu ya kuta. Mchoro wa mwisho wa hieroglifu unaojulikana ulichongwa Philae mwaka 394. Ujuzi wa kuisoma ulipokufa, kimya kilidumu zaidi ya miaka elfu. Mwaka 1799 askari wa Ufaransa walilipata karibu na mji wa Rashidi jiwe lenye tangazo moja kwa maandishi ya namna tatu, mojawapo Kiyunani. Mwaka 1822 Jean-François Champollion alitangaza kuwa amepata njia ya kuyasoma. Jiwe lilimsaidia, ila halikumtosha. Champollion alikuwa amejifunza Kikopti, lugha ya ibada ya Wakristo wa Misri, ambayo ni mtoto wa lugha ya Mafirauni. Sauti za maneno aliyoyatafuta zilikuwa zingali zikitamkwa kanisani.

Tena, wachunguzi wa Misri hawakuanza bila ya mpangilio wa wafalme. Katika karne ya 3 kabla ya Nabii Isa, kuhani wa Kimisri aliyeitwa Manetho aliandika kwa Kiyunani historia ya nchi yake, akiwapanga watawala kwa nasaba. Kitabu chake kimepotea. Vimebaki vipande vilivyonukuliwa na waandishi wa baadaye. Hata hivyo, hesabu ya nasaba inayotumiwa na wataalamu hadi leo msingi wake ni yeye.

Bonde la Pangani nalo lina Manetho wake, na wa kwake hakupotea. Naye ni Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyekuwa katibu wa Semboja, mtawala wa Kikilindi aliyekaa Mazinde, katika nchi ya tambarare ambayo leo imo wilayani Korogwe. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapishwa kwa mafungu katika matbaa ya misheni ya Magila, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1962 kilitolewa tena chini ya uhariri wa J. W. T. Allen, na mwaka uliofuata ikatoka tafsiri yake ya Kiingereza. Kama Manetho alivyotumia Kiyunani kueleza habari za Misri, ndivyo Abdallah alivyotumia Kiswahili kueleza habari za Washambaa na jirani zao. Na katika zama ambazo wapwani waliutukuza utenzi, yeye aliandika nathari ndefu, iliyojaa mazungumzo, ambayo ukiisoma kwa sauti utaisikia barazani.

Habari hizo zinaanzia upande wa Handeni. Mbega, mwindaji wa Ungulu, aliota meno ya juu kwanza, naye kwa desturi ya wakati huo alikuwa kigego. Aliondoka kwao akafika Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa huko. Rafiki alipokufa mawindoni, Mbega akakimbia. Akapanda milima ya Usambara na mbwa wake, akawagawia watu nyama, akaua simba, akafanywa mtawala wa Vuga. Kilindi iliyowapa Wakilindi jina lao ilikuwa sehemu ya wilaya ya Handeni hadi mwaka 2002, ilipofanywa wilaya ya peke yake.

Je, yote hayo yalitokea kama yalivyosimuliwa? Swali hilo wataalamu wa Misri wanalijua vyema, kwani kuta za mahekalu husifu wafalme kuliko zinavyosema kweli. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyezikusanya simulizi za Washambaa katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1974, hakuzitupa wala hakuzimeza nzima. Alionesha kwamba kisa cha Mbega kina mantiki yake: mtu wa porini anageuka mtu wa mji, mla nyama anageuka mwenye nchi, na hatari ya kigego inageuka nguvu ya mfalme. Kisa cha namna hiyo hueleza jinsi watu walivyoufahamu utawala, hata pale kisipoweza kutoa tarehe.

Ufunguo wa pili ni lugha. Wazigua, Wabondei, Washambaa na Wangulu hujinasibisha na mzee mmoja, Seuta, na wataalamu wa lugha wamelichukua jina hilo kuwa jina la kundi la lugha zao. Uchunguzi wa Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, uliochapishwa mwaka 1993, unaliweka kundi la Seuta pamoja na kundi la Sabaki, ambalo ndilo la Kiswahili, katika ukoo mmoja wa lugha za Kibantu za pwani ya kaskazini-mashariki. Mswahili na Mzigua, basi, ni binamu kwa ulimi. Hata majina ya mahali yana ushahidi wake. Katika Kwediboma, anayejua Kizigua husikia boma, pamoja na kiambishi di ambacho kwa Kiswahili kimebaki katika upatanisho tu, kama katika boma hili na boma lile.

Ushahidi mzito zaidi ulirudi kwa miguu. Katika karne ya 19 njaa na biashara ya watumwa viliwapeleka Wazigua wengi hadi Somalia. Wengine walitoroka wakajenga vijiji kando ya Mto Juba, na mapokeo yao yanamtaja Wanakhucha, mwanamke mwenye maono, kuwa kiongozi wa safari hiyo. Vita vilipoivunja Somalia mwaka 1991, baadhi ya vitukuu vyao walikimbilia Tanzania, na tangu mwaka 2003 wengi wao walikaa Chogo, wilayani Handeni. Walikuja na Kizigua. Baada ya zaidi ya miaka 150 mbali na nchi ya wazee wao, waliweza kusemezana na wenyeji. Lugha hiyo ilikuwa hati yao, japo haikuandikwa.

Ufunguo wa tatu umo ardhini. Mfanyabiashara wa Misri, aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya 1, aliutaja mji wa biashara wa Rhapta katika pwani hii, na wachunguzi wameutafuta kuanzia Pangani hadi Rufiji. Lakini kitabu chake kiliishia ufukoni. Yaliyokuwa nyuma ya ufuko yalianza kuelezwa katika miaka ya 1960, pale Robert Soper alipovitambua vyungu vya wafua chuma wa mwanzo, vilivyopewa jina la Kwale ya Kenya, hata katika milima ya Pare na Usambara. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 Jonathan Walz aliyafuata mabonde ya Pangani na Mkomazi. Huko Mombo, wilayani Korogwe, katika makazi yaliyotangulia misafara ya pembe kwa karne nyingi, alikuta makombe ya baharini na shanga za kioo zilizovuka bahari. Kwa hiyo njia ya kutoka pwani haikufunguliwa na misafara ya karne ya 19, ilikuta nyayo.

Hapo ndipo uchunguzi wa Misri wa leo na wa Korogwe unapokutana. Huko Giza, Mark Lehner na wenzake wamechimbua mji wa waliojenga mapiramidi, na mifupa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi imeonesha wafanyakazi walivyolishwa. Mwaka 2013, kule Wadi al-Jarf kwenye Bahari ya Shamu, ujumbe wa Pierre Tallet ulipata mafunjo ya zama za Mfalme Khufu, na ndani yake shajara ya Merer, msimamizi wa mabaharia waliobeba mawe kutoka Tura hadi Giza. Mfalme alikwisha kujulikana. Sasa wabebaji nao wamepata sauti.

Swali lile lile, nani aliwalisha wabebaji, liliulizwa na Thomas Biginagwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alichimba Ngombezi, Korogwe ya Kale na Kwa Sigi, vituo vya misafara iliyopanda kutoka Pangani kutafuta pembe za ndovu, na mwaka 2012 akakamilisha utafiti wake katika Chuo Kikuu cha York. Alichambua mifupa ya mifugo, ya wanyama wa porini na ya samaki, ili ajue misafara ilikula nini na wenyeji walibakiwa na nini. Hakuna mgeni wa karne ile aliyeona haja ya kuyaandika hayo kwa ukamilifu. Jalala limeyahifadhi.

Lakini jalala halina mlinzi kama piramidi. Mashamba ya mkonge yamelima bonde hili tangu zama za Wajerumani, na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani limepitishwa katika wilaya za Kilindi, Handeni na Korogwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja masalia yaliyotangulia mwaka 1863. Ya baada ya hapo hungoja kutangazwa. Mwaka huo unaikata karne ya misafara katikati. Kibanda cha mpagazi wa mwaka 1860 kimo ndani ya ulinzi, na cha mwanawe aliyepita njia ile ile mwaka 1880 kimo nje.

Kuurekebisha mpaka huo ni kazi ya Bunge. Kukisoma kitabu cha Abdallah, na kuyaandika majina ya mito, vilima na makaburi ya Handeni kutoka vinywani mwa wazee wanaoyajua, hakuhitaji sheria mpya. Champollion alikikuta Kikopti kingali hai vinywani mwa waumini. Hawa wazee wangali wapo.