Mwalimu Sikujua na Mashairi ya Muyaka

Wazee wetu na ndugu wanachama, mmekwisha kusoma mapato na matumizi ya mwaka. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Twaomba sasa mtazame mali nyingine ya mji wetu, ambayo haiwekwi sandukuni, nayo yahitaji daftari vilevile.

Muyaka bin Haji alikuwa mtu wa Mvita. Aliishi tangu mwisho wa karne ya 18 hata yapata mwaka 1840. Alitunga katika enzi ya Mazrui, akauona na mwisho wao mwaka 1837, Seyyid Said alipoutwaa mji. Alijibizana kwa mashairi na watu wa Lamu zama za vita vya Shela. Lakini alitunga pia juu ya mapenzi, ufukara, safari za baharini na urafiki wa uongo. Kwa ulimi wake ushairi ulisema mambo ya barazani na sokoni.

Beti zake za mishororo minne, kila mshororo mizani 16, zilikaa vinywani mwa watu kwa urahisi. Lakini kinywa nacho huzikwa. Muyaka hakuacha kitabu kilichopigwa chapa, na kila mzee aliyefariki alikwenda na sehemu ya tungo zile.

Aliyeiokoa mali hiyo ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwana wa mji huu huu. Alizikusanya tungo zilizokuwa zikikumbukwa, akaziandika kwa herufi za Kiarabu. Padre William Taylor, Mwingereza aliyekuwa akijifunza lugha yetu hapa Mombasa, alizipokea kwake, akazinakili kwa herufi za Kirumi pamoja na maelezo. Mwalimu alifariki mwaka 1890. Karatasi za Taylor zilihifadhiwa London. Na mwaka 1940, miaka 50 baada ya Mwalimu kufariki, William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka, iliyopigwa chapa Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz naye alitoa kitabu chake juu ya mshairi huyo.

Leo jina la Muyaka lasomwa mashuleni na vyuoni. Jina la Mwalimu Sikujua ni wachache walijualo, ilhali pasipo kalamu yake wale waliofuata wangalikuta machache mno.

Twaona hapo mafunzo mawili. La kwanza, tumtaje aliyehifadhi kama tunavyomtaja aliyetunga. La pili, kazi yake haijesha. Katika nyumba za Kibokoni na Kuze wamo wazee wajuao majina ya pepo na ya visima, nyimbo za harusi, na maneno ya Kimvita ambayo vijana hawayatumii tena. Kila mwanachama na akae na mzee mmoja, aandike asemayo, na chini yake aandike jina la msemaji, mtaa na tarehe. Tusingoje mgeni aje na karatasi yake; na tukichelewa, hata mgeni hatakuta wa kumwuliza.